Gauni la Mwanao

Dada yangu,

Huku tunaendelea. Cherehani imepona, ila paka wako bado mwizi.

Ile picha ya mwanao uliyoisifu kwamba amepungua, usiisifu tena. Gauni lake nimelipunguza mpaka mifuko imekaribia kugusana. Akimaliza kula anaingia bafuni na kufungulia bomba nisimsikie akitapika. Namsikia.

Jana nilipokuwa nampima akasema, "Mama mdogo, mimi bado mnene." Vidole vyangu viko kwenye mbavu zake, dada. Nikashindwa kusoma futi kwa machozi. Kesho tunakwenda wote kwa daktari, amekubali.

Gauni jipya nimeliacha na kitambaa kingi ndani ya mishono. Akauliza cha nini. Nikamwambia ni nafasi yake, inamsubiri.

Mdogo wako, mwenye mkasi.