Mgeni Aliyekuja Kutusafishia Jina

Fangatea,
Vava'u, Tonga.
9 Septemba 1987

Mpendwa dada Lupe,

Pokea salamu tele, wewe, shemeji Hepeti na watoto. Kifua kimepoa? Baridi ya huko Auckland nasikia haina adabu. Sisi tu wazima, ila goti linamsumbua Shangazi Fatai, naye anatusumbua sisi.

Viazi vikuu vimekubali mwaka huu. Vyako nimeviweka.

Sasa sikia. Unakumbuka tulivyotaniwa shuleni Neiafu, "Shikeni kalamu zenu, wa Rasi ya Wezi wameingia"? Basi juzi alikuja mzee wa Kiholanzi, Bwana Verhulst, wa uzao wa nahodha aliyeibandika rasi yetu jina hilo. Alitaka kutuomba radhi mbele ya mkuu wa wilaya, jina lifutwe.

Tulifurahi, kisha tukaingiwa na ubaridi. Ile kengele ya kanisa, dada! Jina la meli yao limechongwa pale pale, na hakuna mtoto hapa asiyejua jinsi babu yetu Maka alivyoiiba melini akaogelea nayo katikati ya papa, kamba kaiuma menoni. Mchungaji akaamuru ishushwe, ifichwe uvunguni mwa kitanda cha Shangazi.

Hotuba zilikwenda vizuri, mgeni hata akatokwa na machozi. Tukaenda kula kwa Shangazi. Tumekaa mkekani, nguruwe wake mweusi akajipenyeza uvunguni kutafuta kivuli. Kengele ikalia kama Jumapili.

Mgeni akaenda, akainama, akasoma. Mchungaji akashikwa na kikohozi.

Yule mzee akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe bado mnayo. Kwetu tunajua hamkuiiba. Nahodha aliibadilisha kwa nguruwe wawili, mabaharia wake walikuwa na njaa. Aliporudi akawaogopa wenye meli, akasema imeibwa."

Sote tukashusha pumzi, isipokuwa Shangazi.

"Kwa hiyo Maka hakuogelea?"

"Hakuogelea, mama. Alifanya biashara."

"Unamwita babu yangu mchuuzi, nyumbani kwangu, na chakula changu mdomoni?"

Mkuu wa wilaya akajaribu kupoza. "Shangazi, si ndiyo heri? Jina linafutika leo."

"Halifutiki. Kama tunavyosema sisi ni kweli, mwizi alikuwa Maka. Kama anavyosema huyu ni kweli, mwizi ni nahodha, maana nguruwe wawili wazima kwa kitu kisicholika ni wizi. Vyovyote iwavyo, mwizi alikuwepo. Jina likae."

Bwana Verhulst akafikiri, akasema ni haki, akaomba aongezewe nyama.

Nisalimie binamu Siosaia na mama mkwe wako. Mchungaji anawaombea, ingawa bado hatutazami usoni. Mungu awafunike kwa mkono wake hadi tukutane.

Nduguyo asiyekusahau,
Kalolaine