Damu ya Mkwe

Mjukuu wangu Ochieng,

Huku Otonglo tuko salama. Nyanya yako anauliza kama huko Maseno mnakula.

Umeniuliza kama ukimtolea damu mwenzako aliyelazwa utaishiwa nguvu za kiume, kama wanavyosema bwenini. Sikiliza.

Nilikuwa nimeoa juzi tu. Mama mkwe wangu alilazwa Kisumu, akahitaji damu haraka. Tulipimwa sote, ikafaa yangu peke yake. Na unajua desturi yetu: mkwe haketi hata meza moja na mama mkwe.

"Damu ya mkwe ndani yangu?" mama akasema. "Nitamtazamaje?"

Nilikuwa mlangoni nimempa mgongo, nikiiogopa sindano. Nikamjibu, "Mama, kwani sasa unanitazama?"

Muuguzi alicheka. Mama akamnyooshea mkono.

Alipona, akamlea baba yako, aliyezaliwa mwaka uliofuata. Mambo ya nguvu basi waambie wenzako wajijibu.

Sindano naiogopa mpaka leo. Usingoje uoga uishe, Ochieng. Nenda nao, maana mwenzako hawezi kungoja.

Babu yako.