Hodi ya Tatu

Nasima, nshachoka mie. Wanu kaikosa kazi. Mdogo wangu kaikosa kwa hodi!

Leo ndo kaitwa usaili, wa mwanzo tangu amalize skuli. Ofisi ya kutembeza watalii pale Mlandege, kazi ya mapokezi. Kafika, mlango uko wazi. Kapiga hodi, kimya. Kapiga tena, kimya. Ya tatu, kimya. Karudi nyumbani! Nnakwambia kageuka, karudi kwa miguu na buibui lake la kuazima.

Kumbe bosi yumo ndani, anazungumza na simu, anampungia mkono aingie. Yeye kainamisha macho, eti asichungulie ndani kwa watu.

Baadaye bosi kampigia: "Mbona uliondoka?"

"Nilipiga hodi mara tatu, sikukaribishwa."

Yule bwana kacheka weee, kisha kamwambia nafasi kampa mwengine, mwenye uzoefu.

Na baba naye, aliyemfinya utoto wote kwa kuingia bila hodi: "Si ungeingia tu!"

Ungeingia tu. Baba huyohuyo!

Wanu hata hakulia. Kavua buibui, kalikunja, kauliza: "Kwani huo uzoefu wanaoutaka ndo kuingia bila ya kukaribishwa?"