Kamba ya Ngassa

Katoro, Geita
Aprili 14, 2025

Mpendwa wifi Salome,

Shikamoo. Hujambo huko Tunduma, na mguu umepata nafuu? Sisi miili ni mizima, watoto wanakula kama nzige. Mvua imezidi, maharage yameozea shambani.

Najua umeshasikia kuwa mdogo wako Masalu ni shujaa. Kwa maringo yako, nusu ya Tunduma imeshaambiwa.

Duara, lile shimo lao la dhahabu, lilipotitia, wachimbaji watatu walitoka hai, wote wakapokelewa na Masalu pale kwenye winchi. Ila aliyeshuka kuwafunga kamba mmoja mmoja ni rafiki yake Ngassa, yule aliyekuwa akila kwetu. Wa tatu alipofika juu, udongo ukamfukia Ngassa.

Wifi, machimboni kwetu aliyebaki chini hatajwi jina mpaka atolewe, wala kamba yake haikatwi. Basi sifa zote zikamwangukia Masalu.

Jana wachimbaji wakamchinjia mbuzi palepale kwenye winchi. Kila waliposema "shujaa wetu", kamba ya Ngassa, iliyokuwa bado imezama udongoni, ilijivuta mara mbili, kama afanyavyo mtu wa chini akitaka kupandishwa. Niliiona mchana kweupe. Wakasema ni upepo, lakini nyama ilibaki, hakuna aliyeendelea kula.

Masalu akasimama. "Shujaa ni Ngassa," akasema.

Kamba ikalegea. Wakaivuta, ikaja nyepesi kutoka kwenye udongo wote ule. Mwishoni ilikuwa imefungwa kitanzi cha kupita kwapani mwa mtu, fundo la Ngassa mwenyewe. Kilikuwa kitupu.

Mzee Makoye, mwenye duara, anasema marehemu ametuaga. Masalu hakubali. Anasema Ngassa hakuwahi kufunga fundo bila kuwa na mtu wa kumfunga. Usiku Masalu alilala na kamba ile chini ya mto, na leo asubuhi nimeikuta imemzunguka kifua, imekazwa. Hajui nani kamfunga. Jumamosi anataka kufukua duara ashuke.

Kwenye simu nisingeweza kuyasema haya akiwa karibu, ndiyo maana nampa kondakta wa basi barua hii. Wewe ndiye uliyemlea, neno lako analisikia. Mpigie kabla ya Jumamosi, umzuie. Ila tafadhali usimwite shujaa. Mwite Masalu. Naogopa, wifi. Nataka mume wangu.

Nisalimie shemeji Mwigulu na mama Kudra. Mungu awakinge nyote, na yule aliye chini ampumzishe.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye siku zote,
Asteria