Wangeci Hayuko Mlangoni

KITUO CHA POLISI, RUIRU
MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Kupotea kwa Beth Wangeci Karanja, mwanamke, miaka 66. OB (kitabu cha matukio) nambari 41 ya tarehe 12/03/2024
Jina la shahidi: Simeon Karanja Mwaura
Umri: Miaka 70
Kazi: Mstaafu, mchanganyaji rangi wa kiwanda cha nguo
Makazi: Gitothua, Ruiru
Yameandikwa: Alhamisi tarehe 14/03/2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha nguo kilichokuwa Eneo la Viwanda, Thika, upande wa rangi, mpaka kikafungwa. Beth Wangeci ni mke wangu. Tulikutana hukohuko kiwandani. Yeye alikuwa upande wa kukunja vitambaa, na mara nyingi aliingia zamu ya saa nane mchana. Afisa ameniambia nieleze yanayohusu tu. Haya yanahusu, atayaona.

Mke wangu ana ugonjwa wa kusahau. Ulianza mwaka wa 2021 kwa sufuria kuungua na funguo kupatikana kwenye unga. Sasa kuna siku ananijua, na kuna siku ananiita fundi na kuniuliza nitamaliza kazi saa ngapi. Binti yetu Ciku anafanya kazi Nakuru, kwa hiyo nyumbani tuko wawili.

Tangu nistaafu, mimi hutengeneza vitu vidogo na kuvipaka rangi: malori, nyumba, kanisa letu pamoja na kengele yake. Wenzangu kanisani walisema mzee amerudi nasari. Wacha waseme. Mwaka jana mwezi wa Mei, Wangeci alipotea mara mbili ndani ya ploti tunayoishi. Aliingia nyumba za watu, akavua viatu na kukaa akingoja chai. Basi nikaitengeneza ploti nzima juu ya ubao wa plaiwudi, nyumba zote kumi na mbili, mfereji, kamba ya nguo na geti la bluu. Nikaiweka mezani karibu na dirisha.

Watu wa kuweka ndani niliwanunua kwa Maxine, ambaye ana duka la vifaa vya sanaa Thika mjini, orofa ya pili. Wanakuja wakiwa weupe, ndani ya pakiti, na wanunuzi wake wengi ni wanafunzi wa kuchora majengo. Mmoja hafiki urefu wa kidole changu kidogo. Nilimpaka kila jirani nguo anazozivaa sana, ili Wangeci awatambue. Nakhumicha, anayeitwa Mama Cindy, ni jirani yetu wa mlango unaofuata na huuza chapati, kwa hiyo nilimpa aproni ya njano. Wangeci nilimsimamisha mlangoni kwetu, gauni la zambarau, kitambaa cheupe kichwani.

Kila asubuhi baada ya chai tulikuwa tunaketi hapo. Ninamuuliza, "Hapa ni wapi?" Anasema, "Gitothua." "Na huyu?" "Mama Cindy." "Na wewe uko wapi?" Anatafuta, anaweka kidole juu ya kile kisanamu na kusema, "Niko hapa." Akishasema hivyo anatulia. Mchana akishikwa na wasiwasi anarudi mezani mwenyewe, anajigusa, anaenda zake. Tangu Mei mpaka juzi hakupotea hata mara moja. Daktari alisema hajawahi kuona dawa ya namna hiyo, na mimi, nasema ukweli, nilijivuna.

Lakini rangi ya kitu kidogo haivumilii vidole. Kufikia mwezi wa pili mwaka huu alikuwa amejigusa mpaka uso ukafutika na gauni likabaki jeupe mbele. Jumapili tarehe 10 alikiangalia kile kisanamu, akaniambia, "Baba Ciku, nguo ya huyu imechakaa. Watu watasema hana mtu wa kumwangalia." Hiyo Baba Ciku nilikuwa sijaisikia tangu Krismasi. Kwa hiyo moja tu ningeenda hata Mombasa kutafuta zambarau.

Mnamo Jumanne tarehe 12/03/2024, saa tatu asubuhi, nilifungua kichupa changu cha zambarau nikakuta rangi imekauka. Nikaamua kwenda Thika. Hapa ndipo kosa langu lilipo, na naomba liandikwe jinsi lilivyo. Kiwandani, upande wa rangi, sheria ya kwanza ilikuwa hii: rangi hailinganishwi kwa kumbukumbu. Unabeba sampuli. Jicho husahau rangi kabla hujafika mlangoni. Nilimwona fundi akifutwa kazi kwa kulinganisha nyekundu kwa kichwa. Mgongoni mwa kisanamu, pale kidole hakifiki, zambarau ya kwanza ilikuwa bado iko. Wangeci alikuwa nje akiota jua. Nilimbandua yule mdogo mlangoni kwa wembe, nikamfunga kwa karatasi ya shashi, nikamtia mfuko wa shati. Miezi ya kwanza, rangi ikichubuka, nilikuwa nakipaka kisanamu rangi mpya mke wangu akiwa amelala, na akiamka anajikuta mahali pake. Siku hiyo sikufikiria hivyo. Nilifikiria sampuli.

Saa nne na dakika kumi nilimwomba Nakhumicha amwangalie. Akasema, "Enda tu, Mzee. Niko hapa." Simu yangu niliiacha kwa chaji.

Nilifika dukani kwa Maxine saa tano na dakika kumi. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Nilikaa mpaka saa saba kasoro dakika kumi. Kulikuwa na zambarau mbili. Moja ilikuwa imezidi wekundu, nyingine ilielekea bluu. Rangi mbichi hudanganya, kwa hiyo nilitia matone kwenye karatasi nikasimama nayo dirishani nikingoja yakauke, nikalinganisha na mgongo wa kisanamu. Hayakukubali. Nikachanganya, nikangoja tena. Maxine akaniambia, "Mzee, hizi zote ni purple tu. Nani ataona difference?" Nikamjibu kwamba mwenyewe ataona. Mara ya tatu ilikubali. Halafu nikachagua brashi, nikazilowesha moja moja kuona ni ipi inashika ncha, kwa sababu nilitaka kumrudishia na macho. Afisa ameniuliza hali yangu wakati huo ilikuwaje. Nilikuwa na furaha. Kwa miezi mingi sikuwa nimefurahi hivyo.

Nilirudi Gitothua saa nane na dakika ishirini. Nakhumicha alikuwa amesimama getini na aproni yake, mikono imejaa unga, na hakuniangalia. Alisema, "Mzee, nisamehe. Mama Ciku ametoka. Nimemtafuta mpaka stegi."

Alinieleza hivi. Mnamo saa tano hivi, Wangeci alitoka nyumbani akamjia pale kwenye jiko. Akamwambia, "Mama Cindy, mimi siko huku. Nimeangalia nyumba zote." Nakhumicha akacheka, akamwambia, "Ai, si uko hapa mbele yangu?" Wangeci akasema, "Hapana. Nitakuwa nimeenda kazi." Akarudi ndani. Nakhumicha akadhani yameisha, akageuza chapati, akahudumia wateja wawili. Alipoenda kuchungulia, mlango ulikuwa wazi na hakukuwa na mtu. Simlaumu Nakhumicha. Yeye aliangalia mtu, mimi niliondoka na mtu.

Niliingia ndani. Paa za nyumba zote kumi na mbili zilikuwa zimeinuliwa na kupangwa mezani kwa ustaarabu, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, kama alivyokuwa akipanga vitambaa. Watu wote walikuwa wametolewa na kulazwa mstari mmoja. Alikuwa amewakagua mmoja mmoja. Geti dogo lilikuwa limefunguliwa.

Saa tisa na dakika arobaini na tano nilifika kituoni hapa nikaripoti.

Jana Jumatano tarehe 13, Ciku alifika, tukaenda Thika kwa ajili ya lile neno la kazi. Pale kiwanda chetu kilipokuwa sasa ni ghala la watu wengine. Bawabu wa pale anaitwa Oluoch. Alisema kwamba Jumanne mnamo saa saba na dakika kumi na tano mama mmoja mtu mzima alikuja getini akamuuliza kama zamu ya saa nane imeingia. Alimwambia, "Mama, hapa hakuna zamu. Hii ni godown." Yule mama akasema basi atangoja kengele. Alingoja kando ya ukuta karibu saa nzima, amekunja mikono. Oluoch alimpa maji. Aliposhughulika na lori lililokuwa likiingia, mama akaondoka kuelekea upande wa mtaa wa Kiandutu. Oluoch alisema, "Mzee, ningejua ningemfungia hapa ndani." Nilimwambia hangejua.

Dirisha la duka la Maxine linaangalia barabara inayotoka stegi ya matatu kwenda Eneo la Viwanda. Kwa hesabu ya saa, Wangeci alishuka Thika nami nikiwa bado pale dirishani. Sijui kama alipita chini yangu. Sikuangalia nje. Nilikuwa naangalia karatasi.

Tumezunguka Kiandutu jana tangu saa sita mpaka giza, mlango kwa mlango. Tumeenda hospitali pia. Mvua imenyesha siku zote mbili, na dawa zake za presha ziko mezani kwangu. Watu wa Kiandutu walitupokea vizuri, na kila mtu aliuliza swali moja: alikuwa amevaa nini?

Afisa pia ameniuliza. Nilisema gauni la zambarau na kitambaa cheupe. Ciku, niliyekuja naye hapa, akaniambia, "Baba, gauni la zambarau liko nyuma ya mlango. Nimeliona." Nakhumicha anasema alikuwa na sweta ya kijani. Oluoch anasema sweta ilikuwa ya kahawia, na huenda ilikuwa leso. Mimi nilikuwa naye asubuhi hiyo mpaka nikatoka. Nilimmiminia chai, nikamfunga vifungo kwa mikono hii, kwa maana vifungo vinamshinda sasa. Nimeifikiria ile asubuhi siku mbili. Ninaona vifungo, vitano, vya mviringo. Rangi siioni. Ninaona ile ya kisanamu tu.

Miaka thelathini na mmoja watu waliniletea kitambaa waniulize hii ni rangi gani.

Sina la kuongeza, ila kwamba nikiitwa wakati wowote nitakuja, hata kama ni kutambua mtu. Niliyoyasema nimeyasema mwenyewe bila kulazimishwa, nimesomewa, na ni ya kweli kadiri ninavyokumbuka.

(Sahihi) S. K. Mwaura

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika mimi, Konstebo Nzilani Kyengo, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, akakubali na kutia sahihi mbele yangu saa tano kasoro dakika tano asubuhi. Shahidi alinionyesha kisanamu cha plastiki cha mwanamke, urefu wa sentimita tatu na nusu, uso umefutika, rangi ya zambarau imebaki mgongoni, pamoja na kichupa cha rangi aliyoichanganya, ambacho bado kimejaa. Nilimwomba akiache kisanamu kama kielelezo. Alikataa, akasema lazima kiwe mlangoni kabla ya mke wake kurudi, maana ndicho atakachokitafuta kwanza. Nilimuuliza kama atakipaka rangi kwanza. Alisema hajui ampake rangi gani. Nimemwachia. Kwenye tangazo la mtu aliyepotea, sehemu ya mavazi nimeiacha wazi.