Kaburi la Kupanga

Karibu na Kalamata, Ugiriki
Mwishoni mwa Septemba

Mpendwa mdogo wangu Darlene,

Hujambo? Na shemeji Duane hajambo, yeye na goti lake? Natumaini mvua za Dayton hazijaingia tena kwenye chumba chenu cha chini. Mimi mwili mzima, ila nimejaa kinyaa tangu Jumamosi na sina wa kummwagia isipokuwa wewe. Ndani ya kifurushi hiki kuna kitu kizito nimekifunga kwenye soksi. Tafadhali usikifungue kabla hujamaliza barua. Nakujua, umeshakibonyezabonyeza.

Uliniuliza mambo ya kujua kabla ya kuja kustaafia huku, na nitakujibu. Bima ya wazee ya serikali yetu haivuki bahari, kwa hiyo kama Duane ana kiungo cha kubadilishwa, abadilishiwe huko kabla ya kupanda ndege, kama Wendell wangu alivyofanya na nyonga yake. Taarifa za kodi mtaendelea kuzipeleka Marekani kila mwaka hata mkihamia mwezini. Hizo nyumba za mawe mnazozitamani kwenye picha ni barafu tupu wakati wa baridi. Nyuma ya kabati langu kumeota ukungu mweusi wenye manyoya, nikiusugua leo wiki ijayo umerudi. Na lugha, jifunzeni lugha. Sisi hatukujifunza, ndiyo maana unasoma barua hii.

Hayo mengine utaambiwa pia na klabu ya Wamarekani wastaafu. Wanakutana kila Alhamisi kwenye mkahawa wa ufukweni, na mwenyekiti wao, Bwana Gary, husimama na kaptura yake akahubiri bei ya jibini utadhani ndiye aliyemkamua mbuzi. Wendell alipofariki waliniletea keki, na kabla sijaikata wakaniuliza kama nauza gari. Wananitia kichefuchefu. Kinachonikera zaidi ni kwamba nilikuwa mmoja wao, tena mwenye kicheko kikubwa kuliko wote.

Sasa sikiliza. Siku ya mazishi karani wa kijiji alitueleza jambo refu, mimi na mwanangu Craig, nasi tukatikisa vichwa kukubali, kama tulivyozoea kukubali kila tulichoambiwa huku. Tuliamini tumenunua kaburi. Mwezi uliopita jirani yangu Bi Stavroula, mjane kama mimi, alinijia mlangoni akaniuliza kama nimeshatafuta divai ya Wendell. Nikamuuliza divai ya nini. Alinitazama kwa huruma, akavuta kiti, akaanza kunieleza polepole, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga na Kigiriki changu cha kuombea maji.

Huku kaburi linapangwa kama chumba. Miaka mitatu ikiisha, kama ilivyomwishia Wendell, maiti anafukuliwa, watu wake wanamwosha mifupa kwa divai, kisha anawekwa kwenye sanduku dogo ndani ya nyumba ya mifupa iliyo pembeni mwa kanisa. Ardhi ni ndogo na wafu ni wengi. Kuna mzee yuko hoi kitandani, na familia yake imeshaanza kuliulizia shimo la Wendell. Nisipomtoa mimi, kijiji kitamtoa na kummwaga kwenye shimo la pamoja, na wale wasio na ndugu.

Nilipiga kelele, Darlene. Nilimwambia huo ni ushenzi, na kwamba kwetu mtu akizikwa anaachwa apumzike. Bi Stavroula hakukasirika. Alisema, “Ushenzi ni kumtupa mumeo kwenye matope usimtazame tena. Huko kwenu nani anawatembelea?” Nikazidi kukasirika.

Nikampigia Craig. Aliniambia, “Mama, walipe watu wafanye. Hiyo ni mifupa tu, si Baba,” halafu akasema ana kikao. Mtoto niliyembeba tumboni! Nilikata simu. Wewe peke yako ndiye uliyesema neno la kibinadamu, kwamba nimlete nyumbani, kwa kuwa umeshanunua nafasi pembeni mwa kaburi la Mama yetu na jina la Wendell limeshachongwa kwenye jiwe. Nilikubali kwa moyo mmoja. Nikanunua begi imara la kusafiria, nikamwambia Bi Stavroula wamtoe tu, wamfunge, niondoke naye. Mimi sitagusa kitu.

Jumamosi asubuhi tukaenda, mimi na yeye na wanawake wengine wawili wa kijiji. Mchimbaji alichimba na sigara mdomoni, majivu yakidondokea humohumo. Nilisimama ukutani nimeziba pua kwa skafu. Harufu haikuwa niliyoiogopa, ilikuwa ya stoo ya viazi. Kilichonishinda ni soksi zake za nailoni. Suti ile nzuri ilikuwa imeliwa yote, lakini soksi nilizomvalisha kwa mikono yangu zilikuwa nzima, na ndani yake mna vitu vinavyogongana. Nikatapika juu ya maua ya marehemu wa watu.

Nilipoinua kichwa, mchimbaji alikuwa ameshika kitu kinachong’aa juani, anauliza, “Hii nini? Imetoka kwenye trekta?” Ilikuwa ile nyonga ya chuma aliyowekewa. Wanawake wakapokezana, wakaigonga kwa kucha, wakacheka, nami nikawachukia wote. Bi Stavroula akawakemea kwamba huyo ni jirani yake, washike adabu. Kisha akalipokea fuvu, akalimiminia divai, akaanza kuligombeza. “Haya Wendell, toka huko, mvivu mkubwa we! Lefteris anakungoja. Ulimkimbia na mchezo haujaisha.” Lefteris ndiye marehemu mume wake. Yeye na Wendell walicheza dadu kila alasiri na kutukanana vizuri tu, ingawa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Akalibusu paji la uso, akanikabidhi.

Mdogo wangu, hapa ndipo pa kukuungamia. Nilitaka kukimbia, lakini mikono ilikuwa imeshapokea. Nikaona jino la mbele, lile lililovunjika siku ya harusi yako, alipofungua bia kwa meno ili kumfurahisha Duane. Alikuwa yeye. Nikapiga magoti nikamwosha, kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu. Nilichukizwa kila dakika, divai iliniingia kwenye mikwaruzo ya vidole ikaniwasha, na Bi Stavroula aliponyoosha mkono kunisaidia niliusukuma.

Begi nimempa mchimbaji. Wendell haji Dayton. Yuko ndani ya nyumba ya mifupa, kwenye rafu ya Bi Stavroula, ubavuni mwa Lefteris, na tumeshasogeza masanduku ili langu lipate nafasi. Ameahidi kuniosha, kama sitatangulia kumwosha yeye. Lia ukitaka, lakini usinipigie simu kunibembeleza nirudi.

Na ninyi njooni au msije, shauri yenu. Ila kabla hujauliza bei ya mafuta ya zeituni, mtazame Duane anavyolala kwenye kochi mdomo wazi, ujiulize kama utaweza kukishika kichwa kile siku kitakapokuwa mfupa, na kama yeye ataweza kukishika chako. Kama hamwezi, bakini huko. Bwana Gary hilo hatawaambia.

Sasa fungua soksi. Ni mpya, usiogope. Hiyo ni nyonga ya Wendell. Nyumba ya mifupa haipokei chuma, na hiyo ndiyo sehemu yake pekee iliyo ya Dayton kwa haki. Ichimbie pembeni mwa Mama, chini ya lile jiwe, ili jina lake lisikae juu ya udongo mtupu.

Nisalimie Duane na yeyote mtaani anayenikumbuka. Nawaombea afya njema na chumba cha chini kikavu. Usihangaike kuisafisha kabla ya kuizika. Nimeiosha mwenyewe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Maxine