Ukaguzi wa Kamba

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko karakanani, wewe na shemeji na wanangu wote. Natumaini mko wazima na vumbi la mbao halijakuzidi kifua. Sisi huku tunaendelea. Nimesema tunaendelea, sikusema hatujambo, kwa hiyo kaa chini kwanza ndipo usome. Sijafa, na winchi haijaanguka.

Unakumbuka barua iliyopita nilivyomsema mkwe wangu. Nilikueleza kwamba tangu apangiwe kuniongoza kwa redio, mimi juu kibandani na yeye chini akielekeza mizigo, kazi imekuwa ya kusuasua. Kila asubuhi, kazi ikiwa imepamba moto, ananiambia baba, teremsha ndoano ushuke, kuna ukaguzi wa kamba. Miaka yote niliyoendesha winchi kamba hukaguliwa kabla ya kazi, basi. Nikakuandikia kwamba binti yetu ameolewa na mvivu, nikakuomba uje Jumatatu tumweke kitako.

Jambo ambalo sikukuandikia ni la mwili wangu. Tangu mwaka jana mkojo wangu una vituko. Unanibana ghafla, nikifika chooni nasimama kama mtu aliyesahau kilichomleta, halafu unatoka kwa kudondoka, na nikishafunga suruali nahisi bado upo. Kwa mtu anayeshinda juu ya mnara wa chuma, hiyo ni adhabu. Nikaacha chai ya asubuhi. Nikawa napanda na chupa tupu mfukoni. Mke wangu aliponiuliza mbona naamka amka, nilimwambia ni baridi, na joto lilivyokuwa!

Jumatano iliyopita niliamka na mafua. Nikapita duka la dawa, nikanunua vidonge, nikameza na kupanda. Ajabu ni kwamba asubuhi ile sikubanwa kabisa. Nilifurahi, nikajiona kijana. Mkwe alipoita ukaguzi wa kamba nikamjibu redioni, watu wote wakisikia, kwamba leo tunamwaga zege, hiyo kamba akafungie mbuzi. Mafundi wakaangua kicheko. Yeye akasema sawa, baba.

Haukupita muda tumbo la chini likaanza kukaza. Nikatoa chupa. Nikasukuma mpaka machozi yakanitoka, na halikutoka hata tone. Wakati huo ndoo kubwa ya zege ilikuwa inaning'inia juu ya ghorofa ya mwisho, mafundi wako chini yake wakiisubiri. Mzigo ukiwa hewani mwendesha winchi haondoki, hata kibanda kikiwaka moto. Maumivu yakazidi, jasho likaniingia machoni, mikono ikaanza kutetemeka. Mkono wangu ukitetemeka kule juu, ndoo inacheza kule mbele.

Niliogopa, mdogo wangu. Niliogopa kuua mtu. Lakini nikuambie kweli, kitufe cha redio nilikiogopa zaidi. Upande wa pili yuko mkwe wangu, na kiwanja kizima kinasikiliza. Mtu unaanzaje kumwambia mume wa binti yako habari za mkojo wako? Nilibonyeza nikaachia, nikabonyeza tena nikaachia. Mkwe akawa anauliza baba, unasema? Ndipo ndoo ikayumba kuelekea kwa fundi mmoja aliyekuwa amenipa mgongo, amechuchumaa, anafunga nondo.

Nikabonyeza nikasema, mkwe wangu, mkojo umeziba, naumwa, mikono hainitii.

Sauti yake ikaja, ileile ya kila siku, ikawaamuru mafundi wote watoke chini ya ndoo. Halafu ikaniambia baba, rudi kulia kidogo, pole pole, hapo hapo, sasa shusha. Nilimfuata kama kipofu. Ndoo ilipogusa ardhi nilimwona ameshadaka ngazi, anapanda. Tukashuka pamoja, yeye chini yangu, akishika kiatu changu na kukiweka kwenye kila kipago. Nilikuwa nalia kwa sauti. Hakuna aliyecheka.

Hospitali walinipitishia mpira, na mkojo uliotoka ulimshtua hata nesi. Daktari akasema tezi dume imekua na inabana njia, jambo linalowapata wanaume wengi wa umri wangu, na vile vidonge vya mafua ndivyo vilivyokuja kufunga mlango kabisa. Amenipa dawa. Wiki ijayo atautoa mpira aone kama nitakojoa mwenyewe. Nikishindwa, ni upasuaji. Tezi ikitulia atanipima damu pia, tujue kama hakuna saratani. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa na mfuko umefungwa pajani, na hofu yangu sijaimaliza.

Jana alikuja fomeni, msimamizi wetu wa kazi, kunitazama. Katika mazungumzo akaniambia pole, tena mkwe wako alijitahidi sana na ule ukaguzi wake. Nikamuuliza ukaguzi gani. Akashangaa, alidhani najua. Kumbe haukuwepo ukaguzi wowote. Mkwe wangu aliniona kutoka chini ninavyoshuka mbio nimejikunja, akaenda kumwomba fomeni nipewe nafasi ya kushuka kila asubuhi, na muda huo ukatwe kwenye mapumziko yake mwenyewe ya mchana. Akaomba iitwe kamba, nisijue kwamba anajua. Mwezi mzima amekula chakula amesimama. Kilichokuwa kikikaguliwa ni mimi, na siku niliyokataa ndiyo hiyo niliyokusimulia.

Sasa nina lako. Ulipolala kwangu mara ya mwisho nilikusikia chooni. Unasubiri, unajikohoza, unafungua bomba kuficha kimya. Nami nilikuwa kitandani nasubiri utoke niingie. Wanaume wawili wazima, ukuta mmoja, kila mtu anajifanya amelala.

Kwa hiyo Jumatatu njoo kama tulivyopanga. Kikao hakuna. Tunakwenda kwa daktari, mimi na wewe, na anayetupeleka ni huyo mvivu wangu.

Msalimie shemeji, na usimfiche sababu ya safari.

Ni mimi kaka yako,
Mzee wa Winchi